Chupa Nne Katika Kabati la Kushoto

Ninaandika wasifu huu kwa sababu mkuu wa idara ameniagiza, na kwa sababu mimi ndiye ninayetarajiwa kurithi funguo za stoo ya kemikali. Fundi wetu wa maabara, anayefahamika chuoni kote kama Mzee Kijiko, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Hati ya makabidhiano imekamilika, isipokuwa sahihi yake. Hiyo amekataa kuitia.

Kwa miaka yote hiyo ametunza makabati mawili. La kushoto ni la kemikali za kikaboni, kama sukari na wanga. La kulia ni la zisizo za kikaboni, kama chumvi na chokaa. Wakuu saba wa idara walikuja na mipango mikakati ya kuboresha stoo. Wote saba wameondoka, na mipango yao imetandikwa kwenye rafu, ambako hatimaye imekuwa na manufaa.

Jina lake amelipata kwa haki. Kwa kuwa haamini lebo za wauzaji, kila unga mweupe unaoingia hupimwa: chembe isiyozidi punje ya mchele huwekwa kwenye kijiko cha chuma na kupashwa moto. Sukari huyeyuka, hugeuka kahawia, kisha huwa makaa. Chumvi hupasuka-pasuka kidogo na kubaki nyeupe. Mkewe ameiarifu kamati ya sherehe kwamba aliingia kwenye ndoa na vijiko kumi na viwili na sasa anavyo vinne. Kamati imevihesabu vinane vilivyopotea kama mchango wa familia kwa sayansi.

Mwezi Machi bomba lilipasuka juu ya stoo, likaharibu lebo siku tatu kabla ya mtihani wa vitendo. Nikiwa na shahada ya daraja la kwanza na uzoefu mpana wa wiki sita, nilikabidhiwa kazi ya kupanga upya. Kila chupa ambayo mabaki ya lebo yake yalitaja kaboni niliipeleka kushoto, zikiwemo nne za chokaa na jamaa zake, ambazo kitaalamu huitwa kaboneti. Nilijipongeza kwa kasi yangu.

Mchana wa siku moja kabla ya mtihani, Mzee alifungua kabati la kushoto, akatazama, akawasha moto. Unga wangu ukabaki mweupe. Akaudondoshea asidi, ukatoa povu. Nilimpa hotuba ya kitaaluma kuhusu kaboni. Alinisikiliza hadi mwisho kwa subira ambayo sikuistahili.

"Mwanangu," alisema, "kaboni kuwemo haitoshi. Tazama imeshikana na nani. Hii imeshikana na oksijeni tu, haidrojeni haina hata ya kuazima."

Kisha akanipa kijiko, akavuta kiti, akakaa. Hakugusa chupa hata moja. Nilipima chupa zote ishirini na tatu za kabati hilo hadi jioni, na kesho yake watahiniwa sitini na wawili walipata unga uliotajwa kwenye swali lao.

Ripoti niliyoiandikia bodi ya chuo ilieleza kwamba chupa zilihamishwa na maji. Yalikuwa maji yenye adabu ya pekee: yalifungua kabati, yakachagua chupa nne, yakafunga mlango. Bodi iliridhika. Mzee hakuridhika, na ndiyo sababu ya sahihi kukosekana. Aliniambia hawezi kumwachia stoo mtu ambaye makosa yake hufanywa na bomba.

Kwa hiyo naandika hapa, mbele ya wafanyakazi wote: chupa zile nilizihamisha mimi. Ripoti iliyosahihishwa iko mezani kwa mkuu wa idara tangu jana.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya kutuudhi kwa usahihi. Uende nyumbani ukiwa na afya, na mama akupokee, ikiwezekana bila kuhesabu. Wafanyakazi wote watakuaga ukumbini Ijumaa saa nane mchana. Mimi nitakusubiri stoo siku hiyohiyo, saa mbili kamili asubuhi, nikiwa na hati na kalamu. Usipokuja, nitaelewa.