Chochote Isipokuwa Kioo

Benchi letu liko nje ya karakana ya Randa, seremala, na mguu wake mmoja ni tofali, kwa sababu kila fundi anayelikalia huamini litatengenezwa na fundi mwenzake. Asubuhi ile kahawa ilikwisha kumiminwa, na mbele yetu ilisimama fremu tupu ya mbao, kimo chake kiunoni mwa mtu mzima. Ilikuwa ya shemeji yangu, dereva wa lori tunayemwita Breki. Alimwoa dada yangu akiwa mjane, na tangu harusi hiyo binti wa dada, anayesomea unesi mji mwingine, hajalala nyumbani kwao hata usiku mmoja. Sasa alikuwa amekubali kuja kesho yake kwa likizo, pamoja na kinyonga anayemlea, ilimradi kinyonga huyo apate pa kukaa. Sharti alilipitisha kwa mama yake, nami nilikuwepo: kizimba kitengenezwe kwa chochote, isipokuwa kioo.

— Wazee, — alisema Breki, — fremu hii lazima ivae nguo leo. Niifunike kwa nini?

— Kioo, — alijibu Mng'aro, fundi wa vioo vya madirisha, ambaye hata msibani huenda na futi yake ya kupimia.

— Lakini amekataa kioo!

— Amekataa kioo cha kujitazamia. Mimi nasema kioo cha dirisha. Kiswahili chetu kinabana matumizi, ndugu yangu. Vitu viwili, jina moja.

Randa alipaliwa na kahawa.

— Nani aweke kioo cha kujitazamia kwenye kizimba? Kinyonga anachana nywele?

— Usicheke, — alisema Redio, kinyozi wetu, anayejua kila habari kabla haijatokea. — Kinyonga akijiona anadhani ni mwenzake. Anageuka kijani ili wapatane. Mwenzake naye kijani. Anageuka kahawia, mwenzake huyooo, kahawia. Watafuatana hivyo mpaka rangi ziwaishie, ubaki na mjusi mweupe. Ndiyo maana wahenga walisema nyani haoni kundule.

— Nyani kaingiaje hapo?

— Hakuwa na kioo.

— Basi nimeshinda! — Mng'aro alipiga paja. — Cha kujitazamia marufuku, cha dirisha ruksa.

— Cha dirisha, jua likipiga, ni sufuria, — alisema Randa. — Utamkaanga mgeni wa watu. Piga mbao pande zote.

— Ataona wapi? — aliuliza Breki.

— Macho yake si yanazunguka? Akichoka kutazama nje, atatazama ndani.

— Mimi nilifikiria chandarua.

— Chandarua! — Redio aliruka. — Umfungie mbu nje, yeye ale nini?

— Wavu wa waya, basi.

— Wenye matundu makubwa atatoka, — alisema Randa. — Wenye matundu madogo kucha zitanasa. Mchagua jembe si mkulima.

— Mimi si mkulima, ni dereva!

— Nisikilizeni, — alisema Redio. — Kifunike kwa mashati yako. Kinyonga akizoea rangi ya mashati yako, ukimbeba mtafanana. Binti ataona mmekuwa ndugu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

— Na wewe unazifagia kila jioni, — alisema Mng'aro.

Tulicheka sote isipokuwa Breki.

— Chekeni tu. Nikikosea, kesho atajua sikumsikiliza. Tangu tufahamiane, hiki ndicho kitu pekee alichoniomba.

Wote walinigeukia.

— Wewe ndiye mjomba mtu, — alisema Randa. — Alisema kipi?

— Alisema kioo.

— Ahsante, — alisema Mng'aro. — Umetufaa kama mwavuli kisimani.

Hapo alifika bwana mmoja aliyetaka kunyolewa. Aliketi upande wa tofali, akasikiliza kidogo.

— Samahani, wazee. Huyo binti hana simu?

— Anayo, — alisema Breki.

— Namba yake huna?

— Ninayo. Mama yake alinipa siku ya harusi.

— Sasa kwa nini humuulizi?

Redio alikitazama kikombe chake. Mng'aro alitoa futi, akaanza kupima benchi.

Breki aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya lundo la mbao, tukabaki na mgongo wake. Alikaa na simu sikioni muda mrefu.

— Marahaba, — tulimsikia. Kisha, kwa sauti ya chini: — Marahaba, mama.

Aliendelea kusikiliza. Alicheka mara moja, akajifuta uso kwa kiganja, akarudi kuketi.

— Haya, kasemaje? — aliuliza Mng'aro.

— Kaniuliza kama nimekula.

— Kioo, bwana! Kioo kipi?

Breki aliitazama simu.

— Itabidi nimpigie tena.