Ugeni wa Mkwe Kwenye Baa ya Mashetani

Mnisamehe mapema. Kisa hiki nakijua vizuri ila nitakisimulia vibaya, maana kila nikifika katikati natamani kuingia chini ya benchi. Benchi lenyewe liko Lewisham, nyuma ya meza za sokoni, mahali ambapo upepo unatoka pande zote na kahawa inatoka kwenye chupa moja tu, ya Muhiddin. Huyo tunamwita Hakimu, Mzanzibari mstaafu wa ukarani anayehukumu hata mvua. Gires ni Gugo, kwa sababu hana jibu mpaka apapase simu. Albert ni Papa Keren, Mkongo wa Bukavu, na Jumamosi hiyo simu yake ilikuwa imelala juu ya goti, uso juu, kama mgonjwa. Mimi ni Pazia. Nilichekesha watu jukwaani miaka ishirini, Morogoro na Dar, kabla ya kuja huku kwa Waingereza kusukuma viti vya magurudumu.

Papa Keren: Siku sita. Mutoto hanijibu. Ndoa ikikufa, nitamuangalia na macho gani?

Kwa asiyekuwepo: Keren, binti yake, alimwalika Jumapili iliyopita saa kumi na mbili jioni kwenye baa ya Kijapani ya vijisahani, kule mjini, ili baba yake akutane na mama wa mchumba wake Nikhil, Mama Kalpana wa Kingsbury. Alisema, “Dad, bring one person.” Aje na mtu mmoja; tukaenda wanne. Mkwe haendewi kama duka la kona, alisema Papa Keren, na mimi nikapewa cheo cha msemaji.

Baa yenyewe ni ya mchezo. Wahudumu wamevaa vinyago vya mashetani wekundu wenye pembe, wana marungu ya plastiki, na kazi yao ni kukukaripia. Ukiingia: “Mmechelewa! Nani kawaita?” Ukiagiza, ngoma inapigwa na jiko zima linaguna. Imeandikwa kwenye menyu: tunakaripia kwa upendo. Mama Kalpana alicheka mpaka akafuta miwani. Shetani mmoja alimnyang'anya mwamvuli, akamrudishia umechomekwa ua la karatasi.

Hakimu: Mie hukumu nishatoa. Kosa la vinyago. Palipo na pembe, ulimi si wako tena.

Mimi: Lakini mimi sikuvaa kinyago.

Hakimu: Ulishika rungu.

Mimi: Nililishika kidogo.

Gugo: Hapana, ni ngoma. Hii hapa, banasema ngoma ikipigwa karibu ya tumbo, damu inapanda kichwa.

Hakimu: Nani wanasema?

Gugo: Simu. Na tena ile maharage mabichi. Nilikula na maganda. Toka pale sikusikia muzuri.

Hakimu: Maganda na masikio wapi na wapi, we bwana?

Gugo: Wakubwa walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Hakimu: Kuku wa pale walikuwa na vijiti, kamba huzioni. Sikilizeni nyie. Yule shetani wa tatu, yule mrefu, hakuwa mhudumu. Nilimtazama miguu. Haikugusa sakafu.

Mimi: Soli zake nene, Hakimu.

Hakimu: Ndo ujue ni jini msomi.

Gugo: Basi alitumwa na ile musichana ya zamani ya Nikhil!

Papa Keren: Nikhil iko na musichana ya zamani?

Gugo: Kila mutu iko na wa zamani.

Mimi nilikubali zote. Ngoma, ndiyo. Maharage, kabisa. Jini, nilimwona kwa macho yangu. Kila nadharia iliponenepa, kosa langu lilikonda, na nilikuwa karibu kuomba kikombe cha pili.

Papa Keren: Pazia. Sema tena ile yenye ulisema.

Mimi: Ya nini tena, mzee mwenzangu?

Papa Keren: Sema.

Ikabidi niseme. Kwa akina Papa Keren, na kwetu pia, wakwe wakija mara ya kwanza, msemaji wa upande wa binti hujifanya hawajui. Huwafukuza. Wao hutoka nje, hucheka, hubisha hodi tena, na mlango hufunguliwa kwa vigelegele. Ni heshima hiyo. Binti anayetolewa kwa hodi ya kwanza huonekana ametupwa. Basi nikaona, mahali hapa kila mtu anakaripiwa na anacheka, nafasi gani nzuri kama hii? Nikaazima rungu la shetani. Nikakunja ule uso wangu wa jukwaani. Nikasema kwa Kiswahili, nikijua Keren atatafsiri kwa kupunguza pilipili:

“Nyinyi ni nani? Hatuwajui! Hapa hamna kitu chenu. Rudini mlikotoka!”

Keren alifungua mdomo, hakuwahi. Mama Kalpana aliweka vijiti vyake mezani, akasimama, akajibu kwa Kiswahili safi kuliko cha Gugo:

“Maneno haya niliambiwa Jinja, Wahindi tulipofukuzwa nchini, nikiwa na miaka minane. Wale walitupa siku tisini. Nyinyi mmenipa sahani mbili.”

Akachukua mwamvuli wake wenye ua. Nikhil akamfuata, na Keren akawafuata wote wawili. Hata shetani aliyeniazimisha rungu alivua kinyago.

Hakimu akajaribu kuikokota kesi mbele.

Hakimu: Lakini mila ni mila. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Papa Keren: Umepona weye?

Hapo ndipo alipofika Gurdial, mzaliwa wa Kisumu, anayeuza masanduku ya safari pale sokoni. Hajawahi kukaa na sisi. Alikuja kuomba kahawa tu, akasikia mwisho wa maneno, akabaki amesimama na kikombe kitupu.

Gurdial: Wazee, samahani, niulize kitu kidogo tu. Huyo mama alipotoka, nani alimsindikiza?

Gugo akatazama simu. Haikujua. Hakimu akapindua chupa ya kahawa. Likatoka tone moja, akaliangalia likitafuta njia kwenye ubao.

Gugo: Keren alimukimbilia.

Gurdial: Keren ni mtoto. Mimi nauliza nyinyi. Mlikuwa wanaume wanne.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Papa Keren aliinuka siku ile. Nilimshika mkono nikamwambia, kaa, usiharibu mchezo, mama atabisha hodi sasa hivi. Tukakaa dakika arobaini tukitazama mlango. Mishikaki ikaja, tukaila isipoe. Kila mlango ulipofunguka nilijiandaa kupiga vigelegele, kumbe wanaingia wateja wengine, wanakaripiwa, wanacheka.

Papa Keren alitia simu mfukoni akasimama.

Papa Keren: Tunaenda Kingsbury.

Gugo: Treni ya DLR mpaka Canary Wharf, halafu ile ya Jubilee, moja kwa moja. Saa moja na kidogo.

Mimi: Nani atasema?

Papa Keren: Weye. Mimi nitasimama nyuma yako. Leo hapana nishika mukono.

Nikafunga vifungo vya koti. Miaka ishirini jukwaani sikuaminiwa na mtu hata wa mstari wa mbele. Mama Kalpana peke yake ndiye aliyewahi kuniamini, na huyo ndiye naenda kumwambia nilikuwa naigiza. Nitabisha hodi. Na akifungua akasema, “Sikujui, rudi ulikotoka,” sitamuuliza kama anatania. Maneno hayo yatakuwa, kwa mara ya kwanza, yamempata anayestahili kuambiwa.