Ukurasa wa Kuaga Unamsubiri Bi. Hatanaka

Bi. Kinue Hatanaka atastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba chetu cha kamusi hapa Kobe. Mkurugenzi, Bw. Ogata, alitangaza hayo jana kwenye mkutano wa wafanyakazi. Alisema pia kwamba juzuu ya pili ya kamusi ya misemo ya kila siku ya Kihindi na Kijapani itakwenda mitamboni Aprili. Ukurasa mmoja bado ni mtupu.

Bi. Hatanaka alianza kama msahihishaji. Kihindi alijifunza kwa akina mama Wahindi wa mtaa wa Kitano, akiwasaidia kupandisha vikapu vya mboga kilimani, na hadi leo anakizungumza kama mtu anayepatana bei ya bamia.

Utaratibu wake wa kazi ulizaliwa na aibu. Fundi cherehani mmoja wa Kihindi alimwambia apite nyumbani siku moja. Yeye akachukulia ni adabu tu, kama ilivyo kwetu, asiende. Mke wa fundi alipika Jumapili kadhaa, kisha akanuna. Mwaka huohuo Bi. Vasundhara Joshi, mhariri wetu wa Kihindi, aliambiwa vivyo hivyo na jirani yake Mjapani. Akaenda na watoto wote, akamkuta mwenyeji na nywele zinachuruzika maji.

Tangu hapo Bi. Hatanaka aliweka sharti: msemo hauingii kamusini mpaka mmoja wetu aufuate ulivyo na kuona matokeo. Aliwahi kumsubiri stesheni, mvuani, Mhindi aliyesema amebakiza dakika tano kufika. Maelezo ya msemo huo kamusini ni mafupi: msemaji bado hajaoga.

Vuli iliyopita uongozi ulitaka kuifuta juzuu ya pili. Alipoitetea, alijibiwa kwamba suala hilo litafikiriwa. Maana ya jibu hilo, yaani hapana, aliiandika yeye mwenyewe katika juzuu ya kwanza. Hata hivyo, kesho yake asubuhi alikuwa na kiti nje ya mlango wa mkurugenzi, na kila asubuhi iliyofuata. Bw. Ogata alimwonya kwamba ukumbini kuna baridi.

“Wewe endelea kufikiri, mkurugenzi,” akamjibu. “Mimi nimekuja na koti.”

Wiki ya tatu juzuu ikapata kibali.

Ukurasa uliobaki ni wa kuaga. Mjapani anayetoka nyumbani husema anakwenda na kurudi. Mhindi naye hukwepa kusema anaondoka, husema anakuja. Bw. Ogata alishauri ujazwe tu, kazi iishe. Bi. Joshi akajitolea kwenda dukani na kurudi.

“Dukani si kuondoka, dada,” Bi. Hatanaka alimwambia. “Niachie mimi. Mimi ndiye ninayeondoka kweli.”

Basi jioni ya 31 Machi atasafisha meza yake, atasimama mlangoni na kuaga kwa lugha zote mbili. Wafanyakazi wote wanaombwa kuwepo na kumjibu ipasavyo.

Bi. Hatanaka, asante kwa kazi, kwa ubishi na kwa kile kiti. Tunakuombea afya na asubuhi zisizo na haraka.

Ukurasa utabaki mtupu juu ya meza yake. Anatarajiwa kuja kuujaza Jumanne, tarehe 8 Aprili, saa nne asubuhi.