Mshipa Uliobanwa, na Wali wa Mama Mkwe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jamani, itikieni kama watu waliokunywa chai! Mimi ambaye chai yenyewe nimeionja tu ndiye mwenye sauti? Haya, hiyo sasa ni amina.

Mnanifahamu, nauza vitenge hapa Tunduma, na mnaona nilivyo. Wateja wangu wa ng'ambo, Wazambia, siku hizi salamu yao ni moja: "Bamayo, mwaonda!" Yaani mama, umekonda. Ninyi wa hapa kanisani mkasema nafunga na kuomba. Sikuwahi kusema nafunga. Ninyi ndio mlionipa huo utakatifu, mpaka mkataka niongoze maombi ya kufunga. Leo naurudisha kwa wenyewe.

Ukweli ni kwamba nikila, naumwa. Chakula kikishuka, haupiti muda kitu kinanikamata hapa chini ya kifua, kinakaza, kinatokea mgongoni. Nimetibiwa vidonda vya tumbo, nimetibiwa taifodi, nimemezeshwa kamera, wakasema tumbo ni safi. Ukiambiwa uko safi na bado unalia, unaanza kujificha. Nikawa nadokoa tu, nasema nimeshiba.

Sasa kudokoa mbele ya mama mkwe, ndugu zangu, nawaambia, kuna hatari yake. Mimi ni mtu wa Mbozi, kwetu kahawa na baridi. Nimeolewa Kamsamba, kwenye joto na mpunga. Tulikwenda kuwasalimia wakati wa mavuno, mama akapika wali wa mchele mpya na kuku, kwa ajili yangu. Nikala matonge machache nikaisogeza sahani. Wifi mmoja akacheka pembeni, "Huyo anaogopa kulishwa kitu." Kwao, mtu akishukiwa chakula chake hajitetei kwa mdomo. Mama aliivuta sahani yangu, akala mabaki yangu yote mpaka yakaisha, huku ananitazama usoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku ile mchele wa Kamsamba ukaacha kuja, na simu akawa anampigia mwanawe tu.

Nilipozidi kudhoofu, mume wangu alimwomba aje anisaidie. Na alikuja! Analalamikia baridi yetu, shuka amejifunga mpaka masikioni, lakini alikuja. Ila kila akinipakulia, anachota yeye kwanza, anatafuna taratibu, anameza, ndipo ananisogezea sahani. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Iliniuma sana, maana nilimpenda yule mama na sikujua nianzie wapi kumwambia.

Siku moja mchana nikasema, liwalo na liwe, leo nakula mpaka mama aamini. Ugali, maharage, mboga za majani, nikasafisha sahani yote. Uso wake ukachangamka, akaanza hata kunitania, "Kumbe tumbo unalo!" Kicheko hatukukimaliza. Maumivu yalikuja yote kwa pamoja. Nikapiga magoti, paji la uso sakafuni, nagumia kama mtu anayejifungua. Na yeye alikuwa amekula chungu kilekile, mzima wa afya.

Akakaa chini, akanipakata, mtu mzima mimi. "Mkamwana wangu, kumbe ni kula kwenyewe? Unaumwa hivi, na mimi kazi yangu kukuonjea?" Tukalia wote. Mume wangu aliporudi alitukuta palepale sakafuni, akauliza nani amefariki.

Tulikwenda tena hospitali, mara hii ya rufaa, Mbeya, na mara hii sikuficha kitu. Daktari aliniwekea kile chombo cha kusikilizia juu ya tumbo, akaniambia nivute pumzi, nitoe. Akanituma kwenye vipimo vya mishipa. Kumbe kuna ukano, ile kamba ngumu ya mwilini, hapa chini ya kiwambo cha kupumulia, na wa kwangu umeukandamiza mshipa mkubwa unaopeleka damu tumboni, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Mtaniamini nikisema nilifurahi? Nilifurahi! Nilikuwa nimeanza kujiona mwongo.

Tiba yake ni upasuaji, kuukata ule ukano ili mshipa uachiwe. Daktari hakunificha: wengi hupata nafuu, wengine maumivu hubaki, na kisu karibu na mshipa mkubwa kina hatari zake. Nikarudi nyumbani na hofu. Nikawa najidanganya, si nakunywa uji, baadaye nakula kiazi, siku zinakwenda? Mpaka mama, ananifunga kitenge kiunoni, kitenge kinazunguka tu, akasema, "Mwanangu, kisu nakiogopa. Lakini nimeanza kuzoea kukuona hivi, na hilo naliogopa zaidi."

Neno lile lilinishinda. Nimekubali, wapendwa. Wiki hii naenda.

Kwa hiyo tumbo bado, msije mkanitangaza nimepona. Ila kujificha kumekwisha, na ndiyo maana nimeweza kusimama hapa. Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, aliyekaa katikati yetu bila kumsema mama kwangu wala mimi kwa mama. Namshukuru daktari aliyenisikiliza, na ninyi mliokuja kuniona hata kabla hamjajua kuna nini. Niwaachie hili: mtu akiacha chakula chako, usikimbilie kujiuliza anakudhania nini. Muulize anaumwa wapi. Na wewe unayeumwa, sema, maana aliyekupikia hana namna nyingine ya kujua.

Mama yuko pale, kwenye benchi la nyuma, anajifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Juzi tulipokwenda kupanga siku ya upasuaji, nesi aliuliza nani atakaa na mimi wodini. Mume wangu akafungua mdomo, mama akamwahi. "Ni mimi. Mimi ndiye mama yake." Nesi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema kweli, mmefanana.

Hatukumbishia.