Mkwe Wangu Alipokaa Mlangoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wa mbele wameitika, wa nyuma bado wanaegesha pikipiki. Asifiwe tena. Wazee wangu, mwangaluka. Mniwie radhi nikitembeatembea hapa mbele. Mchungaji ameniomba nisimame mahali pamoja, lakini mnanijua. Mimi ndiye Maduhu, fundi wa friji, nakaa Somanda. Kama una grosari au baa hapa Bariadi na friji lako limewahi kugoma kupoza, basi nimewahi kupiga magoti nyuma yake.

Niseme jambo moja mapema, ili shetani asipate sifa asizostahili. Mimi sikuwa mlevi. Kuna waliokuja leo wakitegemea kusikia jinsi nilivyolala mtaroni, poleni sana. Bia moja ilinitosha jioni nzima, na mara nyingi sikuimaliza. Ugonjwa wangu ulikuwa mwingine. Nilikuwa siwezi kukaa.

Jioni ikifika, miguu inaniwasha. Naoga, navaa shati zuri, kwa sababu ukienda na ovaroli ya kazi kwenye hizi lounge mpya mlinzi anakuonyesha mlango wa jikoni. Naanzia grosari ya jirani, ile ya mabenchi. Kabla povu halijatulia kwenye glasi nimeshainuka. Naenda baa ya makuti karibu na stendi, naagiza kitimoto na ndizi. Sasa mnajua kitimoto kinavyochelewa. Mchoma nyama anakwambia, "Bosi, kinaiva sasa hivi," na nguruwe mwenyewe bado anatembea. Mtu wa kawaida anasubiri. Mimi naanza kuona kuwa raha yote iko kule ghorofani, kwenye makochi na taa za bluu. Nakwenda. Nikishakaa kwenye kochi, naona kumbe raha ilikuwa kule nilikotoka. Nikirudi, kitimoto changu kimeiva na watu wamenisaidia kukila. Wahudumu waliniita Upepo. Kuna jioni niliagiza nyama sehemu mbili na nikalala njaa.

Mnacheka. Hata mimi nacheka leo. Lakini wakati ule halikuwa jambo la kucheka. Niliwahi kupanda pikipiki mpaka Malampaka, mbali kule, kwa sababu tu nilisikia kuna sehemu imefunguliwa karibu na stesheni na ina muziki mkubwa. Nilifika, nikauzunguka uwanja wake, nikasikiliza wimbo mmoja, nikageuza. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza niende wapi tena. Ndugu zangu, kiu ya bia inaisha ukinywa. Hii ya kwangu haikuwa na kinywaji chake.

Na mke wangu Kabula alikuwa nyumbani. Kabula si mtu wa kelele. Alikuwa ananiwekea chakula, anafunika, analala. Asubuhi anafunua sahani na kuwapa kuku. Hakunigombeza, na mimi nikachukua ule ukimya wake kuwa ruhusa.

Sasa siku moja katikati ya wiki narudi kutoka kazini kuja kuoga, nikakuta mama mkwe wangu ameketi kwenye mlango wa ua.

Huyu mama ni mtu wa Migato, kule Itilima, mtu wa jembe na wa kanisa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anapembua choroko. Aliposikia pikipiki akainuka, akajifunika khanga vizuri, akageukia pembeni. Nikapita kichwa chini, nikamsalimu nikitazama ardhi, naye akaitikia akitazama ukuta wa jirani. Nikaingia ndani. Nilipochungulia dirishani, amerudi kwenye kigoda chake, palepale, katikati ya mlango.

Vijana wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmeegemeana kama wapiga kura wa chama kimoja. Sisi hatukulelewa hivyo. Kwetu mama mkwe hapitwi ovyo. Ukikutana naye njiani, wewe ndiye unayeacha njia. Hamli sahani moja. Hakuiti kwa jina lako, wala wewe humwiti kwa lake. Anaweza kukupisha ukitoka kazini, hiyo ni heshima kwa mwenye nyumba. Lakini kumwinua mama mkwe kwenye kigoda chake ili upite kwenda baa, hilo hata mpagani hafanyi. Na ua wangu una mlango mmoja tu. Pande nyingine zote ni miti ya minyaa, imeota mikubwa na imefumana.

Kwa nini nisingepitiliza kutoka kazini moja kwa moja mpaka baa? Ndugu zangu, mkwe amekuja kukutembelea, halafu usionekane nyumbani? Habari hiyo ingefika Migato kabla yake.

Basi nikamuuliza Kabula, "Mama amekuja na habari gani?"

Alikuwa anasonga ugali, wala hakuacha kusonga. "Amekuja kunichukua," akasema. "Nina mimba, Maduhu. Sizai tena kwenye nyumba isiyo na mtu. Jumapili tunaondoka."

Nilisikia vizuri. Nataka mjue kuwa nilisikia kila neno, maana hapo ndipo mtaona nilivyokuwa nimefungwa. Mwanamume yeyote mwenye akili timamu angevuta kiti akae. Nilimpenda mke wangu, na nampenda. Nilijua akipanda bodaboda kwenda Migato, kurudi kwake kutahitaji wazee na vikao, na huenda asirudi kabisa. Nilijua. Na bado, jua lilipozama na spika za jirani zikaanza kudunda, mimi nilikuwa natembea humo ndani kutoka chumbani kwenda sebuleni, kutoka sebuleni kwenda chumbani, na shati zuri mwilini. Nilijaribu redio. Nilifungua friji letu, ambalo halikuwa na ubovu wowote, nikalitengeneza. Alhamisi vilevile. Kabula ananitazama tu. Mama yake mlangoni, choroko hazimwishii.

Ijumaa jioni nikashindwa. Nikamwambia Kabula nakwenda chooni, uani. Nyuma ya choo kuna mahali ambapo mbuzi wa jirani walikuwa wamelegeza minyaa. Nikasema mbuzi wamepita, na mimi nitapita. Nikavua shati zuri nisilichafue, nikalishika mkononi, nikaingiza kichwa.

Wote hapa tumekua na minyaa. Mtoto mdogo wa Kisukuma anaonywa kuhusu minyaa kabla hajafundishwa kusalimu. Ukivunja tawi, yale maziwa yake yakikuingia jichoni utamwita kila uliyewahi kumkosea. Mimi sikuvunja tawi moja. Nilivunja ua mzima kwa uso. Yalinirukia macho yote mawili, nikawa kama mtu aliyetiwa makaa. Nilipiga ukelele ambao wateja wa grosari waliusikia, na mmoja aliniambia baadaye kuwa walidhani ni nguruwe wa kitimoto.

Kabula alikuja mbio na ndoo. Alinimwagia maji machoni, akamwaga tena na tena, huku analia na kunisema kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji. Kisha akaniitia bodaboda. Tulipofika mlangoni, mama mkwe aliinuka mwenyewe akatupisha. Hospitali wakanisafisha, wakanitia dawa, wakanifunga macho kwa bandeji, wakasema nikae nitulie nyumbani, nisifungue.

Nikae nitulie! Mimi!

Jumamosi nzima nilikuwa kwenye kiti sebuleni, sioni. Mchana niliweza, kulikuwa na sauti za watu na kuku. Shida ilikuwa jioni. Mtu asiyeona anasikia kupita kiasi. Nilisikia spika zote za mjini. Nilijua huu mdundo ni wa baa ya makuti, huu ni wa ghorofani, kule wamebadilisha wimbo. Jasho linanitoka. Nilishika mikono ya kile kiti kwa nguvu. Nilikuwa naogopa, ndugu zangu, na sikujua naogopa nini. Nilijua tu kuwa kitu kinakuja, na siku zote nilikuwa nakikimbia, na leo kitanikuta nimekaa.

Ndipo nikasikia mama mkwe anaomba. Alikuwa palepale mlangoni, anaomba kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani. Alimwombea binti yake. Aliombea mvua. Halafu akafika kwangu. Jina langu hawezi kulitamka, nimeshawaambia. Basi akasema, "Na huyu baba Sayi, Mungu wangu. Mkalishe baba Sayi."

Sayi alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa ameshaanza kutembea. Akaugua homa, tukamkimbiza hospitali, tukarudi bila yeye. Watu walikuja msibani, wakalala nje na sisi, wakapika, wakaimba. Kisha wakakunja mikeka wakaondoka, kama ilivyo kawaida, kila mtu ana shamba lake. Ile jioni ya kwanza baada ya watu kuondoka, nyumba ilinyamaza mno. Nikaitwa kutengeneza friji la baa. Nikaenda, nikakuta muziki na watu, nikaona heri hapa. Hapo ndipo miguu ilipoanza kuniwasha.

Tangu tulipomzika, hakuna aliyelitamka jina lile kwetu. Majirani waliokuwa wakimwita mke wangu mama Sayi wakarudi kumwita Kabula, wakidhani wanatuhurumia. Mimi na yeye tulikuwa tunalizunguka lile jina kama shimo lililo katikati ya nyumba. Nami nikaona hakuna dawa isipokuwa kutokuwapo nyumbani.

Sasa limetamkwa, na mimi sina macho, sina shati zuri, sina pa kukimbilia. Nililia, ndugu zangu. Nililia mpaka bandeji ikalowa. Nilisikia Kabula anaingia, anakaa chini karibu na kiti. Hakunibembeleza. Nikamwambia, "Nilikuwa nasikia hatua zake. Kila nikikaa humu ndani nasikia anatembea." Akasema, "Na mimi nazisikia. Nilikuwa nazisikia peke yangu."

Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimemwachia mke wangu mtoto wetu amlilie peke yake, na mimi niko ghorofani kwenye taa za bluu, nashindwa hata kumaliza bia moja. Tukazungumza juu ya Sayi. Alivyokuwa anavuta waya kwenye mkoba wangu wa spana. Alivyokuwa anakula udongo na kukataa ndizi. Tulicheka, tukalia tena. Muziki huko nje ulikuwa unaendelea, nami sikumbuki uliisha saa ngapi. Nilimwambia Mungu kwa kinywa changu, "Nimechoka kukimbia. Nimekaa. Nifanye unavyotaka." Ndiyo sala yangu yote, haikuwa na mapambo.

Jumapili asubuhi mama mkwe akafunga mizigo yake. Begi la Kabula lilikuwa tayari tangu siku ile ya kwanza, nililigusa kwa mguu pale karibu na mlango. Bodaboda ikapiga honi. Sikumsihi. Nilikaa kwenye kiti na bandeji yangu, nasikiliza begi lile litainuliwa lini. Nikamsikia Kabula anamwambia mama yake, "Mayu, wewe tangulia." Basi. Bodaboda ikaondoka, na begi halikuinuliwa.

Mama yule hajawahi kuniambia kama alikaa mlangoni kwa makusudi. Siwezi kumuuliza, heshima hairuhusi. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku ninapoamka.

Msidhani nimekuwa malaika. Kazi yangu bado inaniingiza baa. Naenda mchana, natia gesi, napokea ujira, natoka. Na jioni spika zikianza, miguu bado inawasha. Kuna siku nainuka katikati ya chakula, nauzunguka ua kama ng'ombe aliyetoroka, halafu narudi. Kabula ananiuliza, "Umemaliza?" Namjibu, "Nimemaliza." Naketi, nakula. Yule aliyezaliwa ndiye huyo mnayemsikia analia nyuma huko, hana subira, nahisi amenirithi. Na mke wangu, tafadhali ndugu zangu, anaitwa mama Sayi. Mwiteni hivyo. Anafurahi.

Namalizia, mchungaji ananitazama. Kuna mtu humu ndani ambaye tangu ibada ianze anawaza aende wapi ikiisha. Nakujua, kwa sababu tulikuwa tunapishana ngazini kule ghorofani. Huna kiu wewe. Una mtu uliyemzika na hujamlilia, au una neno ambalo nyumbani kwako halitamkwi. Ndugu yangu, sina maneno makubwa ya kukupa. Mungu aliyenikalisha mimi, Upepo, hatashindwa na wewe. Nenda nyumbani leo, mapema, kabla muziki haujaanza. Kaa na mkeo, umtaje huyo mtu kwa jina. Itauma. Mungu atakuwapo kabla yako, na amekuwa akikaa na mkeo siku zote hizo ulipokuwa hupo.