Stephen Githinji Kinuthia, Fundi wa Kompresa Aliyezamia Diani (1957–2025)

Baba yetu mpendwa, Stephen Githinji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Gitothua, Ruiru, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kinuthia na marehemu mkewe, Njambi. Alisomea shule ya msingi pale pale kijijini. Alipenda hesabu na kufungua vitu. Redio ya babu yetu aliifungua akiwa darasa la nne, akachapwa, halafu redio ikawa inashika stesheni mbili zaidi.

Mwaka wa 1979, baada ya kusomea ufundi wa mitambo, aliajiriwa katika kiwanda cha matunda ya mikebe, Eneo la Viwanda Thika. Alitunza kompresa za hewa kwa miaka thelathini na minane. Alikuwa na sheria moja: mashine ambayo hajaifungua mwenyewe, haiamini.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Idah Wangeci, wakaanza maisha mtaa wa Kamenu, Thika. Mungu akawajalia Njambi, Kinuthia na mimi Ciku ninayewasomea.

Alipostaafu mwaka wa 2017, tuliwapeleka yeye na mama Diani, Pwani, kwa likizo. Hapo ndipo Baba alipoona watu wakibeba mitungi ya hewa mgongoni, na likizo yetu ikaishia hapo. Aliporudi alijiandikisha masomo ya kuogelea katika bwawa la hoteli moja Ruiru, darasa moja na watoto wa chekechea. Walimwita "Guka", yaani babu, na kumfundisha kupiga mateke.

Agosti 2018 alirudi Diani tayari kuzamia. Asubuhi hiyo mwalimu wake, Kalondu, alimkuta ametandaza taulo barazani, na juu yake vipande vya regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa mdomoni.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimeifanyia service. Ilikuwa na chumvi."

"Siwezi kukuacha uingie majini na kitu umefungua. Leo huzamii."

Baba alinuna siku mbili, lakini alikubali kwamba kosa ni lake. Kalondu naye alimwalika karakanani, akamwonyesha jinsi inavyofunguliwa kwa utaratibu. Siku ya tatu alishuka. Alipoibuka hakungoja hata kuvua miwani ya maji. Alimpigia kelele mama, aliyekuwa ufukweni, akiwa bado baharini: "Mama Njambi! Huko chini kumejaa rangi, na sisi tumepaka nyumba yote cream!"

Tangu siku hiyo alitamani jambo moja tu, mama ashuke naye akaone matumbawe. Alimnunulia miwani na mapezi. Mama alikuwa na jibu lake: "Maji yangu ni ya kuoga na ya chai." Alimbembeleza miaka saba. Kila alipotoka Diani, suti yake ya mpira ilianikwa kwenye kamba pale Kamenu, na watoto wa jirani wakapita mbio wakidhani ni mtu.

Juni 2024 moyo wake ulianza kusumbua, na daktari akamkataza kuzamia. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe, na sisi lilituuma pia. Mwezi wa Aprili mwaka huu alilazwa Thika. Mama alikuwa akimtembelea kila siku isipokuwa Jumanne na Ijumaa mchana, alipokuwa na mkutano wa akina mama kanisani. Mchungaji, utusamehe, mkutano haukuwepo. Nilikuwa nikimpeleka bwawani Ruiru kujifunza kuzamia.

Jumatano tarehe 7 Mei mama alishindwa kuficha.

"Baba Njambi, jana niliingiza uso kwa maji."

"Kichwa yote?"

"Yote. Na nikapumua na ile regulata."

Baba alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Akamshika mama mkono, akamwambia asizuie pumzi kamwe, avute na kutoa polepole, na asishike matumbawe hata yakimvutia vipi. Alimfundisha mpaka akapitiwa na usingizi. Alitutoka kesho yake, Alhamisi, saa nne asubuhi, tukiwa naye sote.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, dada yake na wanafunzi wengi wa ufundi. Na amemwacha mjane wake, Mama Idah Wangeci, ambaye tarehe 9 Agosti atashuka majini Diani pamoja na Kalondu.

Bwana ampe Baba pumziko jema.