Printa Isiyo na Dereva

Tangu basi liondoke, karani wa shule alikuwa akimlalamikia jirani yake wa kiti, fundi kompyuta.

"Printa mpya ya mtandao inachapa kazi za kila mtu, ila kompyuta yangu imegoma nayo. Mwalimu mkuu anasema ikifika Ijumaa anaitupa kompyuta yangu. Miaka kumi na mbili tumezeeka pamoja, mdogo wangu!"

"Dada, kompyuta haina kosa. Haina dereva tu."

Dereva wa basi akageuza shingo. "Nani hana dereva?"

"Ni programu ya kuiunganisha kompyuta na printa, kaka!" fundi akamjibu. "Tazama barabara!"

Karani akacheka mpaka machozi, kisha akaandika kiganjani maelekezo yote ya fundi.

"Na ikigoma tena?" akauliza.

"Nipigie simu, dada."

Basi likasimama. Karani akashuka kiganja wazi, jasho lisifute wino, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikuwa na haraka ya kufika kazini.